Shangazi, niache uhasibu nikauze maua?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 39, nimeolewa, tuna watoto wawili na wote wanasoma. Kwa miaka 13 nimekuwa mhasibu kwenye kampuni ya bima. Kazi yenyewe haina ubaya. Mshahara unaingia kwa wakati, bosi wangu ana adabu, na kiti changu kimeshachukua umbo la mgongo wangu. Ila tangu mwaka juzi mwili ndio unaokwenda kazini, akili inabaki nyumbani.

Yalianzia kwenye harusi ya mdogo wangu. Mpambaji tuliyemlipa alizima simu zikiwa zimebaki siku mbili. Nikaenda mwenyewe kwa wauzaji wa jumla alfajiri, nikarudi na maboksi ya maua nisiyoyajua hata majina, nikakesha nikitazama video na kufunga mashada. Jumamosi mchana watu walikuwa wanaulizana nani kapamba. Tangu siku hiyo nimepamba harusi 7, na mashada ya sherehe ndogo ndogo yamenipotea hesabu. Nafanya usiku na wikendi. Wateja wengi ni marafiki au marafiki wa marafiki, kwa hiyo nawatoza gharama ya maua na kitu kidogo juu yake. Naona haya kutaja bei kubwa.

Harusi ya sita iliniaibisha. Niliweka maua ya haidrenjia nyeupe mezani saa tatu asubuhi. Kufika saa saba zilikuwa zimelegea kama kitambaa kilicholowa. Bibi harusi alinyamaza. Mama yake hakunyamaza. Nililia garini. Ajabu ni kwamba kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa kitandani nachora meza za harusi inayofuata.

Sasa imepatikana fremu ya duka, kwenye kona ambayo watu wanapita sana. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi kadhaa mbele na anataka jibu Ijumaa. Akiba yetu inatosha kuendesha nyumba miezi 8. Nikilipa fremu na kununua friji ya kioo ya kuonyeshea maua, itabaki ya miezi 3. Mume wangu hajakataa, lakini kila nikifungua mada anasema tusubiri kidogo, kisha anageukia simu. Naona kama haniamini.

Nimesoma habari za Mwingereza mmoja, Constance Spry. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule, akafungua duka la maua London mwaka 1929 akiwa ameshavuka miaka arobaini. Mwaka 1953 ndiye aliyesimamia maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Nikajisemea, kama yeye aliweza mimi nangoja nini? Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, ipo kwenye simu. Niitume?

Mhasibu Mwenye Maua Kichwani

*

Marahaba mwanangu,

Barua iache humo humo kwenye simu. Fremu nayo iache. Maua usiyaache. Najua jibu fupi halimtulizi mtu mwenye Ijumaa mbele yake, kwa hiyo kaa nikueleze.

Kabla sijashika kalamu hii nilifanya kazi miaka sita kwenye duka la maua la watu. Mwaka wa kwanza karibu wote niliosha ndoo. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kitu kimoja na sikukiona. Umenitajia idadi ya harusi, rangi ya haidrenjia, hata umbo la kiti chako cha ofisini. Hujaniambia hata harusi moja ilikuachia kiasi gani. Wewe, mhasibu wa miaka 13! Karani akikuletea faili lililoandikwa "kitu kidogo juu yake" ungemrudishia kabla hajakaa.

Nadhani hujui kiasi hicho, na nadhani unaogopa kukijua. Basi tukikokotoe pamoja. Nitabahatisha tarakimu, wewe utaweka zako. Tuseme maua ya jumla yalikugharimu 100, kwa fedha yoyote unayotumia. Ukatoza 160. Moyoni ukasema nimepata 60. Ondoa utepe, waya, pini na sponji ya maua, ile ya kuchomekea mashina, 12. Ondoa gari la kwenda na kurudi mara mbili, 14. Ondoa chombo kimoja kilichovunjika, 3. Imebaki 31.

Sasa saa. Alfajiri kwa wauzaji wa jumla, saa 3. Kukata mashina, kutoa majani na kuyanywesha maji, saa 4. Kufunga mashada, saa 9. Kupanga ukumbini, saa 5. Kurudi usiku kukusanya vyombo wakati wenzako wanacheza muziki, saa 3. Jumla 24. Hiyo 31 igawe kwa 24, halafu chukua mshahara wako uugawe kwa saa zako za mwezi, uweke namba mbili hizo kando kwa kando. Na hapo sijamlipa mtu aliyekusaidia, maana najua yupo, kama si mdogo wako ni binti yako, na najua alilipwa soda na asante.

Wenye biashara hii wengi huchukua bei waliyonunulia ua wakaizidisha mara tatu hadi tatu na nusu. Vyombo huzidisha mara mbili. Juu ya hapo wanaweka malipo ya kazi ya mikono, hasa kwenye harusi. Si sheria, ni mazoea, lakini yana sababu. Mteja halipii ua alilopewa tu. Analipia na lile lililovunjika shingo kwenye boksi, lile lililogoma kufunguka, maji, umeme, mafuta ya gari, na wewe. Kwa hesabu hiyo maua yako ya 100 yangetoka kwa 300 au zaidi, kabla ya kazi. Mara ya kwanza ukitaja bei hiyo sauti itakukwama. Itaje hivyo hivyo.

Na marafiki? Waandikie ankara kamili, bei nzima ionekane, kisha chini yake uandike punguzo la rafiki. Ukitaka kuwapa nusu, wape, lakini wajue wamepewa nini, nawe ujue umetoa nini. Wengine watakimbia. Hao hawakuwa wateja, walikuwa wageni.

Tuje kwenye fremu, maana hapo ndipo maduka mengi ya maua niliyoyaona yakifunga yalipovunjikia mguu. Shati lisipouzwa mwezi huu litauzwa mwezi ujao. Waridi halina mwezi ujao. Limeshatumia siku kadhaa njiani tangu lilipokatwa shambani, na likifika kwako lina kama wiki moja ya kupendeza, ukiliangalia vizuri. Mwenye duka analazimika kujaza ndoo kabla hajajua nani ataingia mlangoni, kwa sababu duka la maua lenye ndoo tupu halimvuti mtu. Mwenye kufanya kwa oda anauza kwanza, anapokea malipo ya awali, ndipo anakwenda kununua. Ua ni lile lile, lakini hasara yake haifanani. Wewe tayari unafanya kwa oda na hujui kwamba umekaa upande mzuri wa mto. Unataka kulipa akiba ya miezi 5 ili uvuke upande wa pili.

Ile friji ya kioo pia. Waridi, karnesheni na mengi ya jamii hiyo yanataka baridi kali, nyuzi 1 hadi 4 za Selsiasi, na hewa yenye unyevu. Okidi na anthurium ukiyaweka humo yanaharibika. Hayo yanataka zaidi ya nyuzi 12. Kwa hiyo friji moja haimalizi kazi. Ukifanya kwa oda, chumba chenye kivuli, sakafu ya kumwagia maji na dirisha lisiloingiza jua kinakutosha kwa siku moja au mbili kabla ya shughuli. Matunda yaliyoiva tu yasikae humo. Yanatoa gesi ya ethilini, na karnesheni zikiivuta zinajikunja kana kwamba zimezeeka usiku mmoja.

Sasa haidrenjia zako. Nilicheka kidogo, nisamehe, kwa sababu nami zimewahi kunitenda hivyo hivyo, na duka zima likinitazama. Lile ua lina petali nyingi zinazopoteza maji upesi, na utomvu wake unaganda pale ulipokata, ukaziba njia. Ulichotakiwa kufanya ni kukata upya, kuchovya ncha ya shina kwenye unga wa shabu au kwenye maji yaliyochemka kwa sekunde chache, kisha kuliweka kwenye maji mengi usiku kucha. Na likilegea usilitupe: lizamishe kichwa chote kwenye beseni la maji baridi kama nusu saa, maana linakunywa hata kwa petali. Mengi yanafufuka. Halafu mezani linakuwa la mwisho kufika, si la kwanza saa tatu asubuhi.

Nimekuandikia hayo yote ili uone kwamba kilichokuliza garini kinafundishika. Video zinaonyesha shada likifungwa. Hazionyeshi ndoo ikisuguliwa kwa dawa ya kuua vijidudu, na bakteria ndani ya ndoo ndio wanaoziba mashina kuliko kitu kingine chochote. Hazikwambii kwamba jani lililo chini ya maji linaoza na kuyachafua, kwamba lili lazima linyofolewe chavua kabla halijafika karibu na gauni jeupe, kwamba sponji ya maua inaachwa izame yenyewe kwenye maji, kwa sababu ukiikandamiza ndani inabaki kavu na mashina yanakufa kiu huku juu ikionekana imelowa. (Sponji yenyewe ni plastiki isiyooza, na tangu 2021 maonyesho ya bustani ya RHS, chama cha kifalme cha kilimo cha bustani kule Uingereza, yameipiga marufuku. Jifunze kufanya bila hiyo mapema. Wavu wa waya uliokunjwakunjwa ndani ya chombo unashika mashina vizuri, na unautumia tena na tena.)

Una likizo? Chukua wiki mbili, uende kwenye duka la maua lenye shughuli nyingi, mbali kidogo na unapotaka kufanyia biashara ili mwenye nalo asikuone mpinzani, uombe kufanya kazi bila malipo. Usiombe kufunga mashada. Omba ndoo. Ndoo ya lita 10 ni kilo 10, na asubuhi ya siku ya kupokea mzigo utabeba nyingi. Mikono itapasuka. Utomvu wa ua liitwalo alstroemeria utakuwasha usipovaa glavu, na miiba ya waridi si ya kuchezea, kidonda kidogo kinaweza kuingia fangasi. Ifikapo siku ya kumi utajua kama unapenda maua au unapenda Jumamosi mchana watu wakiuliza nani kapamba. Hakuna aibu ukigundua ni la pili. Wapo wengi wanaopamba harusi nne kwa mwaka, wanabaki na mishahara yao na wana furaha.

Ukiwa huko, waombe wakuachie na msiba. Hukuutaja hata mara moja kwenye barua yako, na msiba ni sehemu kubwa ya kazi hii. Harusi inakuja na miezi ya kujadiliana. Msiba unakuja na siku mbili, na saa ya mazishi haisogezwi kwa sababu mzigo umechelewa. Nakumbuka kijana mmoja alikuja hata hatujafungua vizuri, akasimama mbele ya ndoo muda mrefu mikono mifukoni. Mama yake amefariki. Nikamwuliza mama alipenda rangi gani, hakujua. Nikamwuliza alikuwa akivaa nini siku za sherehe, akasema zambarau, gauni moja la zambarau, miaka yote. Tukaanzia hapo. Alipokuwa analipa akauliza yatadumu siku ngapi. Nikamwambia wiki, akitaka. Akasema basi ataomba machache abaki nayo. Hilo shada halikupigwa picha na mtu, na mimi ndilo nililobaki nalo katika yote ya miaka sita.

Kuhusu huyo Constance Spry. Ni kweli, na mimi nampenda. Lakini umesoma ukurasa wa waridi ukaruka ukurasa wa uongozi. Mwalimu mkuu ni mtu aliyeshaendesha watu, ratiba na fedha za shule; hakuingia kwenye maua akiwa mikono mitupu. Na alijulikana kwa kutumia vitu ambavyo wenzake hawakuvitazama: matawi ya uani, nyasi, hata majani ya mboga. Wavu wa waya niliokutajia, yeye ni mmoja wa walioueneza. Ukitaka kumwiga, mwige kwa kuleta ulichonacho. Wewe una uhasibu, ujuzi ambao wapambaji wengi wangeulipia, na umeuacha ofisini kila unaposhika mkasi.

Kwa hiyo hapo mbele nakushauri hivi. Endelea na kazi. Fanya maua kwa oda tu, na kila oda iwe na karatasi yake: mashina mangapi ya ua gani, yalinunuliwa kwa kiasi gani, saa ngapi zimetumika, umebaki na nini. Pokea nusu ya malipo kabla hujanunua chochote, na salio kabla ya siku yenyewe. Baada ya harusi watu hawapokei simu. Kwenye mkataba weka mstari unaokuruhusu kubadilisha ua kwa lingine la rangi na thamani ileile endapo sokoni halipo, kwa sababu siku moja halitakuwepo. Kabla ya hapo pitia mkataba wako wa ajira uone kama unakuruhusu kufanya biashara ya pembeni.

Kisha tafuta wateja wa kila wiki. Mwaka una Jumamosi 52, na nyingi hazina harusi. Karibu na 14 Februari utauza mpaka uchoke, lakini na bei ya jumla inapanda wakati huo huo, usidanganyike na foleni. Kinacholipa ada za watoto ni mapokezi ya ofisi, hoteli na kliniki zinazobadilisha maua kila Jumatatu. Chombo kimoja kwa wiki, mwaka mzima. Haipendezi kuiposti mtandaoni, ndiyo maana wengi hawaitafuti.

Faida halisi, ukishajilipa saa zako, ikifika nusu ya mshahara kwa miezi 6 mfululizo, mwendee huyo bosi mwenye adabu umwombe upunguziwe siku. Akikataa, ndipo tuizungumzie ile barua. Fremu zitakuwepo. Kona yenye watu wengi haijawahi kuwa ya mwisho duniani, ingawa kila mwenye fremu atakwambia hivyo.

Mume wako sasa. Unasema hakuamini. Mimi naona mtu aliyeonyeshwa picha za maua na kuulizwa swali la fedha. Angejibu nini? Mpe karatasi. Harusi ijayo mwombe akuendeshee gari, abebe ndoo, akae mpaka usiku wa kukusanya vyombo, halafu mkifika nyumbani mfanye hesabu ile wote wawili, miguu kwenye beseni. Akishaona saa zako atakuwa wa kwanza kukwambia unajiuza rahisi. Waume wanaogeukia simu wanageuka haraka sana wakisikia mke wao anapunjwa.

Ijumaa mpigie mwenye fremu kabla hajakupigia. Jioni ukishawalaza watoto, fungua daftari jipya uziandike harusi zote saba, moja moja, kwa kadiri unavyokumbuka. Ya mdogo wako usiiweke. Ile ilikuwa zawadi.

Shangazi